UZI: Kipimo cha miezi mitatu kilisema sukari ya mama iko vizuri, kumbe damu yake ndiyo inakipotosha

#1 Binti_Ukara (Mwanza)

Habari za jioni wapendwa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Humu wapo wengi wenye wazazi wanaohudhuria kliniki ya sukari, na yaliyotupata sisi huenda yanawapata na wao bila kujua.

Mama yangu ana miaka 63. Kazi yake tangu ujana ni dagaa: kununua mwaloni, kuanika, kusafirisha. Kisukari aligundulika nacho 2016. Anameza metformini asubuhi na jioni, na siku ya kliniki haimpiti hata mvua inyeshe vipi. Mwaka juzi nilimnunulia mashine ya kupimia kidoleni, na kila asubuhi kabla hajala naandika kwenye daftari: 8.4, 9.1, 7.9, 8.8, zote juu. Saa mbili baada ya ugali inafika 12, siku nyingine 13.

Mwezi wa tatu wakampima HbA1c, kile tunachokiita kipimo cha miezi mitatu kwa sababu kinaonyesha wastani wa sukari wa muda huo. Jibu likatoka asilimia 6.1. Daktari akafurahi, akampongeza mama kwamba ameidhibiti sukari na aendelee hivyo hivyo. Nikatoa daftari langu. Akaliangalia, akasema mashine za nyumbani hazitabiriki, labda stripu zimepitwa na muda. Nilirudi nyumbani nikakagua tarehe, hazikuwa zimepitwa. Nikanunua kopo jipya. Nikaibeba mashine hadi maabara, wakailinganisha na ile kubwa ya kwao kwa damu iliyotolewa dakika ile ile. Tofauti ilikuwa ndogo sana.

Na wakati huo mama usiku anatoa nyayo nje ya shuka kwa sababu zinawaka moto.

Kilichonifungua macho kilitoka upande ambao sikuutarajia. Mtoto wa mdogo wangu aligundulika ana selimundu, tukashauriwa familia nzima tupime. Mama akatoka AS, yaani si mgonjwa, ila amebeba kinasaba kimoja. Nikaanza kusoma usiku baada ya kazi. Nikakuta utafiti uliochapishwa Marekani 2017, uliohusu Wamarekani weusi 4,620. Watafiti waliwalinganisha wenye AS na wasio nayo, wakiwa na sukari ile ile kwenye damu. Wenye AS walipata HbA1c ya chini: 5.35 dhidi ya 5.65. Yaani kwa sukari ile ile, mwenye AS anaonekana nafuu kuliko alivyo kwa pointi 0.3.

Kwa kanuni wanayotumia kubadili namba hizi, 6.1 ni sawa na wastani wa sukari wa kama 7.1 mchana na usiku. Nimefungua daftari lote la mwaka. Mama hajapata 7.1 hata asubuhi moja kabla ya chai.

Naomba kujua, yupo mwingine yamemkuta haya? Na wataalamu wa humu, nimeelewa sawasawa?

#2 Mteknolojia_Maabara

Dada hongera kwa lile daftari. Sisi wa maabara huwa tunatamani wagonjwa wote wafanye hivyo.

Umeelewa vizuri, ila kuna mambo mawili. La kwanza, mashine za HbA1c si za aina moja. Zipo zinazotenganisha aina za himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, na hizo mwenye AS utaiona S, yaani himoglobini ya selimundu, imesimama peke yake kwenye mchoro. Zipo zinazotumia kingamwili kuitambua ile sehemu iliyoshikwa na sukari, na hizo hazikuonyeshi kama kuna S. Baadhi ya mashine, hasa za zamani, S inazichanganya kabisa. Kwa hiyo ukipata nafasi uliza wanatumia mashine gani.

La pili ndilo kubwa. AS kwa wastani inashusha 0.3. Kwa namba za daftari lako mama angetakiwa awe na saba na nusu hivi, labda na zaidi. Imepungua zaidi ya pointi nzima. AS peke yake haibebi mzigo huo. Mama aliugua nini miezi ya nyuma? Aliongezewa damu? Alivuja damu? Alianzishiwa vidonge vya kuongeza damu?

#3 Binti_Ukara (Mwanza)

Kaka, nimesoma swali lako nikakaa chini.

Januari alilazwa. Vidonda vya tumbo, alitapika damu. Aliongezewa uniti mbili, akaruhusiwa na vidonge vya madini ya chuma. HbA1c walimpima Machi, kama wiki tisa baadaye. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema, kwa sababu sikujua kwamba tumbo na sukari vinakutana mahali popote.

#4 Mteknolojia_Maabara

Basi jibu tumelipata, au sehemu kubwa ya jibu.

Nieleze kwa lugha ya kawaida kwa faida ya wengine. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120. Muda wote huo inazunguka kwenye maji yenye sukari, na sukari inaganda polepole kwenye himoglobini yake. Chembe iliyozeeka imegandwa na sukari nyingi, changa imegandwa na kidogo. HbA1c inapima ni asilimia ngapi ya himoglobini imegandwa. Kumbe basi kipimo kinahesabu vitu viwili kwa pamoja, sukari iliyokuwepo na umri wa chembe zenyewe.

Mama alimwaga chembe zake Januari, zilizozeeka zikiwemo. Akaingiziwa za mtu mwingine, ambaye bila shaka hana kisukari. Halafu vidonge vya chuma vikausukuma uboho utoe chembe mpya kwa wingi. Machi mlipima damu ya mtoaji pamoja na chembe za wiki chache. Juu ya hapo weka AS. Hapo 6.1 haina cha kushangaza.

Asiangaliwe kwa HbA1c mpaka ipite miezi minne hivi tangu aongezewe damu. Kwa sasa tumieni sukari ya asubuhi kabla ya kula na ile ya saa mbili baada ya chakula. Kuna pia kipimo cha fruktosamini, kinachoangalia protini za majimaji ya damu badala ya himoglobini, na kinaonyesha wiki mbili tatu za nyuma. Hospitali nyingi hakipo, ila kwenye maabara kubwa ulizieni.

#5 Mtoto_wa_Pongwe (Tanga)

Mimi nina swali la mtu wa kawaida. Baba yangu kila miezi mitatu analipia hicho kipimo na si bei ndogo. Sasa nikisoma hapa naona kinaweza kudanganya. Tukiache?

#6 Daktari_Wilayani

Mtoto wa Pongwe, usimwachishe mzee. Nitaeleza kwa nini, na nitaomba nirudi nyuma kidogo kwa sababu historia ya kipimo hiki inanigusa.

Mwaka 1968 daktari mmoja wa Tehran, Samuel Rahbar, alikuwa anapekua damu za wagonjwa akitafuta himoglobini zisizo za kawaida, ndugu zake S. Akaona mstari wa ajabu kwenye damu za wenye kisukari, tena kwa kila mwenye kisukari. Hivyo ndivyo HbA1c ilivyohusishwa na ugonjwa huu. Yaani kipimo kilizaliwa mikononi mwa mtu aliyekuwa anatafuta watu kama mama yake Binti Ukara. Kila nikifundisha wanafunzi nawasimulia hilo.

Kilichokipa heshima ni utafiti wa Marekani na Kanada ulioanza 1983, unaitwa DCCT. Watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, vijana na watu wazima hadi miaka 39, kwenye vituo 29. Kundi moja liliendelea na matibabu ya siku zile, la pili likachoma insulini mara tatu au zaidi kwa siku au kutumia pampu, na kujipima kidoleni kila mara. Kundi la kwanza HbA1c ilikaa karibu na 9, la pili karibu na 7. Kwa walioingia wakiwa na macho mazima, hatari ya kuharibika retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, ilishuka kwa asilimia 76. Asilimia 99 ya washiriki walifika mwisho, na hilo kwangu ni jambo la kuheshimu sana, maana walijichoma vidole miaka sita na zaidi kwa ajili ya watu wasiowajua. Kabla ya 1993 madaktari walikuwa bado wanabishana kama kubana sukari kunaokoa jicho. Baada ya hapo ubishi ukaisha.

Kwa aina ya pili, ile ya wazazi wetu wengi, Uingereza walifuatilia wagonjwa 5,102 kuanzia 1977, matokeo yakatoka 1998. HbA1c ya 7.0 dhidi ya 7.9 ilipunguza madhara ya mishipa midogo, yaani macho na figo, kwa robo. Na ni utafiti huo huo uliotuonyesha kwamba metformini inapunguza vifo kwa wagonjwa wenye uzito mkubwa. Kidonge anachomeza mama kila asubuhi kinasimama juu ya kazi ile.

Kwa hiyo kipimo ni kizuri. Tatizo ni kwamba tulikipokea kama kilivyo. DCCT karibu washiriki wote walikuwa weupe. Ule wa Uingereza wenye asili ya Afrika na Karibiani walikuwa kama asilimia 8. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, walipima watu waliokuwa nao. Lakini himoglobini yetu ina historia yake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha 1954 kwamba kinasaba cha selimundu kimejaa kule malaria ilikojaa, pwani na kando ya Ziwa Victoria, na kinapungua ukipanda nyanda za juu zenye baridi, kwa sababu kinamkinga aliyekibeba kimoja. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Kila mtoto mmoja mwenye SS, yaani mgonjwa aliyebeba vinasaba viwili, ana nyuma yake baba na mama waliobeba S, na shangazi, na bibi anayeuza dagaa.

Mwenye SS yenyewe asipimwe HbA1c kabisa, chembe zake zinaishi siku 10 hadi 20. Mwenye AS anaweza kupimwa, mradi anayesoma jibu ajue.

#7 Nyar_Nyanza (Kisumu)

Asante sana daktari. Hapa kwetu Nyanza hii AS iko karibu kila boma, na sijawahi kusikia ikitajwa kwa kliniki ya sukari.

Kaka yangu anasafishwa figo mara mbili kwa wiki na ana sukari. HbA1c yake huwa 5.8 na sote tumekuwa tukishukuru Mungu. Sasa nimeingiwa na wasiwasi. Je, hiyo nayo?

#8 Daktari_Wilayani

Ndiyo dada, hiyo nayo. Figo zikishindwa, chembe haziishi muda wake wote, na zile sindano wanazochomwa za kuongeza damu zinaleta chembe changa. Vyote viwili vinashusha namba. Mwombe daktari wake aangalie sukari za kidoleni za wiki mbili, saa tofauti tofauti.

Na kwa wanaume wa pwani na kanda ya ziwa, kuna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ule unaofanya baadhi ya dawa za malaria ziwe hatari. Utafiti mwingine wa 2017 ulikuta kwamba aina ya Kiafrika ya upungufu huo inashusha HbA1c kwa pointi 0.8 hivi kwa mwanaume aliye nao. Hiyo si ndogo. Kisukari tunakitangaza kwenye 6.5. Mtu anayestahili 6.9 atasomeka 6.1 na kurudishwa nyumbani.

Upande wa pili upo pia. Upungufu wa madini ya chuma, ambao akina mama wengi wanao, unaweza kuipandisha HbA1c juu kuliko ukweli. Ukimwongezea dawa mtu kama huyo kwa kufuata namba, sukari inaweza kumshuka akaanguka. Na kubana mno si salama hata namba ikiwa ya kweli. Kuna utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada, wagonjwa 10,251 wenye kisukari cha muda mrefu na hatari ya moyo. Kundi moja lililengwa kushushwa chini ya 6. Februari 2008 wakasimamisha matibabu ya kundi hilo kabla ya muda, kwa sababu walikufa 257 kwao na 203 kwa wenzao. Tangu siku hiyo mimi mgonjwa wa miaka 70 simkimbizi.

#9 Mzee_wa_Usariver

Nimesoma yote kwa makini na nawashukuru. Lakini niseme la moyoni. Hizo tafiti mnazozitaja, zikija kwetu mimi sizikubali. Mwaka fulani walikuja vijana na fomu, wakamchukua jirani yangu damu, hawakurudi kumpa majibu mpaka leo. Watu wetu wasitumiwe.

#10 Binti_Ukara (Mwanza)

Mzee wangu shikamoo. Hilo la jirani yako ni kosa, na sitalitetea. Mtu ametoa damu yake, majibu ni haki yake.

Ila nikuombe uangalie upande huu. Mama yangu amesomewa jibu kwa kipimo kilichopimwa uzito wake kwa watu wa Boston, Toronto na Oxford. Kama hakuna mtu wa Ukerewe wala Pongwe ndani ya tafiti, atajuaje daktari kwamba damu ya Ukerewe inasomeka tofauti? Zile pointi 0.3 tumezijua kwa sababu Wamarekani weusi elfu nne na zaidi walikubali kukaa kwenye tafiti za miaka mingi. Wale ni ndugu zetu walioondoka zamani, na leo damu yao imemsaidia mama.

Na kwetu tumeshafanya kazi nzuri. Miaka ya 1980 Donald McLarty wa Muhimbili, na akina Andrew Swai na Henry Kitange, walikwenda vijijini wakawanywesha watu maji ya glukosi na kuwapima baada ya saa mbili. Vijiji sita. Wakakuta kisukari kwa takriban mtu mmoja katika mia, wakachapisha 1989. Mwaka 2012 utafiti wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ukakuta asilimia 9.1. Vipimo havikufanana, kwa hiyo sisemi zidisha mara tisa, lakini bila wale wanakijiji walioinua kikombe tusingekuwa na cha kulinganisha. Nimefurahi kwamba walipima sukari yenyewe, siyo himoglobini. Juzi juzi, 2023, yalitoka matokeo ya utafiti wa Tanzania na Uganda, vituo 32, wagonjwa zaidi ya 7,000, kuona kama wenye VVU, kisukari na presha wanaweza kutibiwa kliniki moja. Wenye VVU waliendelea kudhibiti virusi vilevile, na wa sukari na presha walibaki kwenye matibabu.

Kuhusu kutumiwa: utafiti wa afya hapa nchini lazima uwe na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na ukiwa wa dawa, TMDA nao, yaani mamlaka ya dawa. Fomu ya ridhaa inatakiwa iwe kwa Kiswahili, na una haki ya kutoka siku yoyote bila kunyimwa tiba. Wakija tena, mzee wangu, waulize kibali na waulize majibu utapata lini. Wasipojibu, wafungie mlango. Wakijibu, naomba ufikirie.

#11 Mzee_wa_Usariver

Marahaba binti. Hilo la kuuliza majibu yatarudi lini nimelichukua. Nitamwambia na jirani.

#12 Mtoto_wa_Pongwe (Tanga)

Nimempigia baba leo. Namba zake za kidoleni na HbA1c zinakubaliana, kwa hiyo tunaendelea nacho. Ila nimegundua hajui kama ni AA au AS. Ana miaka 71 na hajawahi kupimwa. Ijumaa nampeleka.

#13 Binti_Ukara (Mwanza)

Nimerudi na mrejesho kama nilivyowaahidi walioniandikia faragha (PM).

Tulikwenda kliniki nyingine, na safari hii nilibeba vitu vitatu: daftari, cheti cha kulazwa cha Januari na jibu la AS. Daktari alivisoma vyote kabla hajasema neno. Akampima sukari kabla ya kula kwenye maabara yao, ikawa 8.9. Akamgusa nyayo na ule uzi mwembamba wa plastiki, mama amefumba macho. Sehemu mbili za mguu wa kushoto hakuusikia. Nilikuwa nimesimama pembeni, niliona uzi unapinda kwenye ngozi yake na yeye ametulia tu anasubiri aguswe. Nilitoka nje kidogo.

Ameongezewa dawa ya pili, kwa dozi ndogo, na amepelekwa kwenye macho. Retina bado nzima, tunamshukuru Mungu. Fruktosamini tulipeleka damu nje, ikatoka juu ya kiwango, ikakubaliana na daftari.

HbA1c tuliirudia baada ya miezi sita tangu aongezewe damu. Ilitoka 7.4. Daktari akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kadi: "AS. HbA1c isisomwe bila sukari ya asubuhi." Kaka Mteknolojia, ungekuwa karibu ningekuletea sato mwenyewe.

Asubuhi ya leo daftari linasema 7.2. Mama sasa anaandika mwenyewe, na ameongeza safu yake ambayo mimi sikuifikiria: jana usiku nyayo ziliwaka au hazikuwaka.